Mashine ya Mama Pacha

3 Machi

Mpenzi Baba Pacha,

Habari za bandarini? Kifua kimepona? Sisi wazima, pacha wanagombania mto wako.

Darasa langu la fizikia linaunda mashine ya siku ya wazazi. Gololi inateremka, inaangusha safu ya dhumna, dhumna ya mwisho inakandamiza wenzo, wenzo unaachia ndoo ya mchanga, na kamba ya ndoo inapita kwenye kapi na kuvuta kengele. Wanafunzi waone kwa macho jinsi mwendo unavyopokezana. Seremala wa shule anatusaidia. Ana mizaha yule! Jana tumecheka mpaka mbavu zikauma. Ila kamba inanasa kwenye kapi. Wewe unayeinua makontena kutwa kwa kreni, tufanyeje?

Mkeo,
Mama Pacha

12 Machi

Mama Pacha,

Salamu. Kifua hakijambo. Habari ya kapi muulize Seremala. Anayejua kuvunja watu mbavu hashindwi na kamba. Na mbona jioni simu yako haipokelewi?

Mumeo

19 Machi

Baba Pacha,

U mzima? Mimi mzima, ila barua yako imenichoma. Simu haipokelewi kwa sababu mikono imejaa gundi. Nilikuuliza wewe, si Seremala, kwa kuwa nilitaka mkono wako uwemo. Basi, nimehangaika mwenyewe: kamba ilikuwa nene kuliko mfereji wa kapi, nimeweka nyembamba. Siku ya wazazi ni Jumamosi, tarehe 29. Njoo umwone huyo adui yako.

Mkeo

2 Aprili

Baba Pacha,

Natumaini hujambo, maana hukunijibu. Mlinzi wa shule anasema Jumamosi mwanamume mwenye koti la bandarini alisimama mlangoni mwa ukumbi mpaka kengele ikalia, kisha akaondoka bila kumsalimu mtu. "Mwalimu," akaniambia, "wale pacha wako ni yeye mtupu." Umesafiri kote huko kuja kunichungulia? Uliona nini hata usinipungie mkono?

Mkeo

9 Aprili

Mke wangu,

Wewe na watoto hamjambo? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Ni mimi. Nilimfuata Seremala, nikamwona: mzee wa watu, penseli ya kazi sikioni, anasinzia begani kwa mkewe. Nikaona aibu, nikataka kuja kukukumbatia. Ndipo gololi ikaachiwa. Ulikuwa unaifuata huku midomo ikinong'ona, na kengele ilipolia uliruka kama msichana. Uso ule sijawahi kukupa mimi. Mwanamume mwenzangu ningemkabili. Gololi nitaifanya nini? Nikarudi stendi.

Usinibembeleze.

Mumeo

15 Aprili

Mume wangu,

U hali gani? Sikubembelezi. Uso ule hakunipa mtu; nimejipa mwenyewe. Nawe unao. Siku uliyonipandisha kwenye kreni, ukashusha kontena chini bila kulitikisa, niliuona, nikakuonea wivu wiki nzima huku nakupikia.

Jumamosi tunaifumua mashine tuunde nyingine. Safari hii usiishie mlangoni. Vua koti, ukae nami sakafuni.

Mkeo