Kinachouzunguka Uvimbe

6 Machi

Kwako Mama Mdogo,

Shikamoo. Habari za huko, na za baba mdogo? Mgongo wake umeacha kulalamika, au wewe mkandaji wake bado unafanya kazi ya bure kila jioni? Mimi mzima, ila baridi ya maabara imeniachia mafua.

Uliniuliza siku nzima nafanya nini, nikakujibu kwamba nakoroga. Ni kweli nakoroga. Natengeneza jeli inayofanana na nyama inayouzunguka uvimbe wa saratani ya titi, halafu naweka seli za saratani ndani yake nitazame zinaelekea wapi. Wengine wanaichunguza seli yenyewe. Sisi tunachunguza majirani zake, yaani nyuzi na molekuli zilizoizunguka. Nyuzi zikiwa laini na zimejikunja, seli nyingi zinakaa palepale. Zikikakamaa na kunyooka, zinakuwa njia, na seli zinazifuata mpaka kwenye mishipa, na hapo ndipo saratani inaposambaa. Nikizikuta zimetulia kwenye jeli laini, nafurahi kama mtoto.

Nisalimie wateja wako wote unaowavunja mifupa.

Mwanao


29 Machi

Mwanangu Bi Hadubini,

Marahaba. Barua imefika, nimeirudia tena na tena. Hapa tu wazima. Baba yako mdogo anakusalimu. Mgongo wake ni ule ule, na mdomo wake pia.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu ukishika simu humu ndani, nyumba nzima inatega sikio. Nina mteja mmoja ana kivimbe kwenye titi. Hospitali walimchoma sindano, wakatoa kinyama wakapime, wakasema ni saratani, akatwe mwezi wa tano. Anaogopa. Anasema kila aliyeguswa na kisu ilimwenea. Sasa niambie, hiyo nyama iliyokakamaa, ikilainishwa, seli zinatulia? Maana misuli migumu nimeilainisha maisha yangu yote. Nijibu upesi, mteja mwenyewe hana subira.

Ni mimi mama yako mdogo


12 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nakuandikia haraka haraka, leo tuna wageni maabara. Ndiyo! Tukizilainisha zile nyuzi kwa dawa, kwenye kisahani chetu, seli zinapunguza mwendo kabisa. Tumerudia jaribio na jibu ni lile lile, hata usingizi sipati kwa furaha. Huyo mteja mwambie aende akakatwe, hayo ya kisu kueneza ni maneno ya mtaani tu. Nitakueleza vizuri nikipata nafasi.

Mwanao mwenye mbio


21 Agosti

Mwanangu,

Umeandika wee, sikujibu, na ukipiga simu nilikuwa nampa baba yako mdogo aseme nimelala. Sijambo kiasi. Wewe je, mafua yaliisha?

Yule mteja ni mimi. Usianze kulia, soma kwanza.

Barua yako niliisoma pale pa kulainisha, pale pa kukatwa nikapapita. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaja, nilijifungia kwenye chumba cha kazi, nikapasha mafuta, nikakanda titi langu kukizunguka kile kivimbe, taratibu, kama ninavyomkanda aliyelalia bega vibaya. Nyama ilikuwa inalainika kweli chini ya vidole, nikaona nimeipatia dawa. Siku ya upasuaji ikaja ikapita, baba yako mdogo hajui hili wala lile. Halafu nikagusa uvimbe mwingine kwapani. Hapo nilikaa chini sakafuni, nikamwita nikamwambia yote.

Wamenikata wiki iliyopita. Titi limekwenda, na tezi za kwapani walizikuta zimeshaingiliwa. Dawa zitafuata. Mkono wa upande huo bado hauinuki vizuri, ndiyo maana mwandiko umelala.

Nina swali moja, na unijibu kweli. Je, ni mikono yangu iliyoisambaza?

Mama yako mdogo


2 Septemba

Mama Mdogo wangu,

Shikamoo, na pole sana. Nimelia ingawa ulinikataza, kisha nikanawa uso nikakaa kukujibu.

Ulichokilainisha ni ngozi na misuli. Nyuzi ninazosema mimi hazionekani kwa macho, tena uvimbe wenyewe unashiriki kuzisuka. Hazilainiki kwa vidole wala mafuta. Nilitakiwa kukueleza hivyo mapema, lakini nilikuwa nimelewa na jaribio langu. Kama kukanda kuliisukuma, sijui. Nimewauliza wanaojua kuliko mimi, nao hawana jibu la uhakika. Wanasema tu kwamba uvimbe wa namna hiyo haukandwi. Lakini kungoja kumekudhuru, Mama Mdogo. Miezi ile uliipa saratani nafasi ya kutembea. Nilijaribu kuandika vinginevyo nikashindwa.

Nakupenda. Nijibu, hata kwa matusi.

Mwanao


24 Novemba

Mwanangu,

Nilinuna, na ndiyo maana ya kimya chote hiki. Nilikuambia nataka kweli, kumbe nilitaka useme, "Hapana, si wewe," nirudi kazini kwa amani. Barua yako niliisukumia kabatini chini ya mashuka. Matusi pia niliyaandaa, mazuri sana, iko siku utayasikia.

Dawa naendelea nazo. Kichwani sina hata unywele. Baba yako mdogo anasema sasa tumefanana, na siku hizi anapika yeye, Mungu atuhurumie. Kazini nimerudi kidogo, nakanda miguu na mabega tu. Juzi mama mmoja alikuja na kivimbe shingoni nimkande. Niliuondoa mkono, nikamwambia avae aende hospitali. Akasusa. Nimemwacha asuse.

Sasa sikiliza. Katikati ya mwezi ujao daktari atanipa majibu ya picha za mapafu na mifupa, tujue imefika huko au imeishia kwapani. Naogopa, mwanangu, naogopa sana. Yule daktari ni mpole mno, anazungukazunguka na maneno mpaka natoka sijaelewa. Baba yako mdogo ndiyo kabisa, ataniapia niko salama hata nikiwa naagana na roho. Wewe ulishindwa kuniongopea hata nilipokuwa nakuomba uniongopee. Basi omba ruhusa uje. Uingie nami mle ndani, ukae kiti cha pembeni yangu, na daktari akimaliza unigeukie uniambie amesema nini. Ukisema haijafika huko, nitakuamini. Ukisema imefika, nitakuamini pia.

Mama yako mdogo