Aliyeitikiwa Yupo

Kwale, 3 Septemba 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Goti lako je?

Ukarani nimeupata, katika shirika la misaada. Wafadhili wanataka bodi iwe na wanawake watatu. Mkutanoni niliwaona wawili tu. Mwenyekiti, Bwana Swabir, alipoita, "Mwanaima wa Munje," wanaume wakaitika kwa pamoja, "Yupo!" Chai ikawekwa mbele ya kiti kitupu. Si yule rafiki yako mliyekuwa mkilima naye mwani? Anaumwa?

Mwanao,
Muhsina

Munje, 10 Septemba

Mwanangu Muhsina,

Marahaba. Goti bado lanisumbua.

Mwanaima alifariki mwaka juzi. Ulikuwa na mitihani, sikukwambia. Nilimwosha kwa mikono hii. Alipowasemea wanawake wa mwani, wanaume waliinamisha vichwa kwa heshima. Sasa wampa chai? Waulize.

Mamako

Kwale, 2 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Hujambo?

Niliuliza. Bwana Swabir akacheka. "Mgeni wa wafadhili yuaja kesho. Wewe kaa pale. Ukiitwa Mwanaima, itika."

Nikaitika, Mama. Niliogopa kufukuzwa. Tangu hapo nikiitwa kwa jina langu sisikii; nikiitwa kwa lake, nageuka. Jana nilitia saini daftari la mahudhurio kwa mwandiko nisioujua.

Mwanao,
Mwanaima

Munje, 5 Oktoba

Muhsina! Muhsina! Muhsina!

Sikuulizi hali, naiona. Tazama ulivyotia saini barua uliyoniandikia!

Leo tumemsomea hitima marehemu. Usimwitikie tena. Simama useme amekufa, na jina lako ulitaje kwa kinywa chako.

Mamako

Kwale, 22 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Natumai umeamka salama.

Jana lilipoitwa jina lile nilisimama kabla wanaume hawajajibu. "Bi Mwanaima amefariki. Mama yangu ndiye aliyemwosha. Mimi ni Muhsina." Nikamsomea Fatiha.

Bwana Swabir amenifukuza. Lakini Bi Kanze, mmoja wa wale wanawake wawili, aliisukuma kalamu mbali: "Sitii saini kitu mpaka wanawake wa Munje wachague mwenzetu aliye hai." Watu wa bodi watakuja huko kuwauliza Jumamosi.

Narudi nyumbani Ijumaa. Nilipotoka, mlinzi alinisindikiza hadi langoni. "Kwaheri, Muhsina," akasema. Kisha akatazama nyuma yangu, akainamisha kichwa: "Shikamoo, bibi."

Sikugeuka.

Ijumaa ukisikia hodi, Mama, niulize jina kabla hujafungua.

Mwanao,
Muhsina