Herufi Zinarudi Kuwa Ndogo

Dada yangu mpenzi,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu nijifungue, na unisamehe pia mwandiko huu unaopanda mistari. Mtoto hajambo, ana meno mawili na ananing'ata nikimnyonyesha. Dada yake anamwita Bosi.

Ile kompyuta uliyoniachia nimeiunganisha na televisheni ili niendelee na kazi ya kuchapa. Shemeji, mdogo wake mume wangu, alipokuja kufunga waya alinicheka: "Shemeji, kuchapa tu unataka sinema?" Nikacheka naye. Sasa kila nikiongeza ukubwa wa maandishi, kompyuta inauliza kama nataka yabaki hivyo, na inanipa sekunde chache tu za kujibu. Kabla sijapaona pa kubonyeza, muda umeisha na yote yamerudi kuwa madogo. Dada yake Bosi anapiga makofi: "Mama, imerudi tena!" Angejua kusoma angenionyesha.

Dada, macho yananiacha. Daktari mwenyewe hajui yataishia wapi. Juzi mwenye duka anayenipa kazi ya kuchapa alinirudishia karatasi: "Mama, umeruka mistari mizima." Mume wangu sijamwambia. Mama naye usimwambie, nitasema mwenyewe.

Ninachohitaji bado ni waya mfupi, maana huu mrefu watoto wanajikwaa nao, nami siku hizi nakaa karibu kabisa na kioo. Halafu miwani yako ya zamani, nijaribu tu. Nguo za Bosi za kutambalia. Na jibu lako, nakuomba, uliandike kwa herufi kubwa.

Mdogo wako