Mikebe Mitatu ya Jivu

Jumapili, 2 Novemba 2025

Mitchel amechaguliwa. Alipiga simu nikiwa namwogesha Tyson, nikaibana kwa bega, mikono yote sabuni. Anacheka, analia. Wanafunzi watano tu kutoka chuo chao huko Kakamega, na kati ya hao yeye peke yake ni wa mwaka wa tatu. Wanaenda Nairobi kwa mkutano wa wanasayansi. Nauli, chumba, chakula, vyote viko juu ya wafadhili. Tena kila mmoja amepewa mwalimu wa kumshika mkono mpaka siku ya kusimama mbele ya watu. Wake ni Daktari Moraa. Mkali sana, anasema, lakini akikusifu unaweza kukaa wiki bila kusikia njaa.

Mdogo wangu. Kutoka nyumba yetu ya Chekalini ambayo hata redio haikuwa nayo. Ataeleza wasomi habari ya dumuzi wa mahindi!

"Ni mikebe yetu, dada," akasema. "Yako na yangu."

Nikasema Mungu ni mwema. Nikasema mtoto anakula sabuni, nitakupigia.

Mtoto hakuwa anakula sabuni.

Jumanne, 4 Novemba

Acha niandike tu, maana hapa nyumbani hakuna anayesoma daftari langu.

Mwezi wa tano Mitchel alileta mikebe tisa, akaipanga kwa stoo ya mama mkwe wangu hapa Mautuma. Chuo kilitaka stoo ya mkulima kweli. Kila mkebe ukatiwa mahindi na dumuzi ishirini wazima. Mitatu haikuwekwa kitu kingine. Mitatu ikawekwa jivu la maganda ya maharagwe. Mitatu dawa ya dukani. Kazi yangu ilikuwa ya Jumamosi, Jumamosi kumi na mbili: namwaga mkebe kwa sinia, nahesabu wazima na waliokufa, naandika, narudisha. Mimi niliyeachia shule kidato cha pili na tumbo mbele. Hiyo kazi niliiomba mwenyewe. Nilikuwa nanawa mikono kabla ya kushika ile daftari ya kuhesabia.

Wiki ya saba jirani yetu Mzee Nehemiah akafa. Kila mama wa hapa akapeleka gorogoro ya mahindi kwa matanga, kama kawaida. Mimi nilikuwa huko tangu asubuhi kuteka maji. Niliporudi kumbadilisha Tyson nikaona mikebe mitatu imeoshwa, imepinduliwa juani. Mikebe ya jivu.

"Nishapeleka mahindi yetu," Mama akasema. Alikuwa amefurahi. Hatukuaibika mbele ya watu.

Nilirudi matangani nikakuta sufuria ya mahenjera ishaanza kuchemka, mahindi na maharagwe. Waombolezaji wakala mahenjera ya utafiti wa Mitchel. Na mimi nikapewa sahani. Nikala.

Utamwambiaje mama mkwe amekosea, na ametoa kwa ajili ya maiti? Sikusema. Kwake sikusema, kwa Mitchel sikusema. Siku mbili, mtoto mgongoni, nilichagua kwa gunia punje zisizo na tundu, moja moja. Nikachoma maganda mapya. Jumamosi iliyotangulia wazima walikuwa kumi na wawili kila mkebe, kwa hivyo nikatia kumi na wawili niliowatoa kwa gunia hilo. Nikahesabu tena mpaka nikahakikisha.

Nikaona nimetengeneza.

Alhamisi, 6 Novemba

Mitchel amenitumia sauti ya mazoezi yao. Anataka nisikie vile anaulizwa. Nimesikiliza nikiwa kwa choo, ndiyo mahali pa pekee Tyson hanifuati.

Daktari Moraa ana sauti ya chini, haipandishi. Alisema kwenye grafu mstari wa jivu unateremka polepole wiki sita, halafu wiki ya saba unaanguka kama kitu kimetupwa kisimani. Kwa nini?

Mitchel akajibu labda jivu huchukua muda kufanya kazi.

"Hilo umeliona ama umelifikiria?"

"Nimelifikiria, Daktari."

"Basi sema umelifikiria. Mtu akisema ameona na hajaona, mimi sisimami karibu naye. Na nani alihesabu?"

"Dada yangu."

"Unamwamini?"

"Kuliko mimi mwenyewe."

Nikazima.

Jivu bichi, sasa naelewa. La kwanza lilikuwa limeshachoka wiki sita. Mimi nikaweka lingine jipya, likawamaliza. Huo mstari unaoanguka ni mkono wangu.

Ijumaa, 7 Novemba

Uji umeungua mara mbili. Mama ameniuliza kama nina mimba nyingine. Nikasema hapana. Akasema sawa, lakini amenitazama kiuno.

Jumamosi, 8 Novemba

Mitchel amefika na mfano wa bango lake kwenye karatasi nne zilizounganishwa na gundi. Lenyewe litachapishwa Jumatano huko Kakamega mjini, liwe kubwa kama mlango. Amelibandika kwa ukuta wa jikoni akaanza kuhutubia kuku. "Waheshimiwa majaji," anawaambia. Jogoo akaondoka. "Huyo ni profesa, ana mkutano mwingine." Tumecheka mpaka Mama akaja kuona.

Halafu akaninong'oneza, "Msaidizi wa utafiti, soma hapo chini."

Ni jina langu. Nafula, kwa uangalifu wake wa kila wiki.

Sijawahi kuona jina langu limechapishwa mahali, isipokuwa kwa kadi ya kliniki, na huko walikosea.

"Na langu liko wapi?" Mama akauliza. "Si stoo ni yangu?"

"Nitaliweka, Mama," Mitchel akasema. Akachukua kalamu, akaliweka hapo hapo.

Nilienda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe hakuwa na shida.

Jumapili, 9 Novemba

Nimemwambia.

Tulitoka kanisani, Mama akabaki kwa kikao cha akina mama. Mitchel aliingia stoo kupiga picha ya mikebe, nikamfuata, nikasimama mlangoni ili asiweze kutoka kabla sijamaliza. Ama ili mimi nisikimbie. Sijui. Nilisema yote bila kupumzika: matanga, mikebe juani, punje, jivu jipya, wale kumi na wawili.

Alikaa juu ya gunia.

"Namba zote ni uongo?"

"Hapana. Mikebe sita haikuguswa. Ya jivu ni kuanzia wiki ya saba tu. Na hata hizo nilihesabu kweli kweli. Ila mahindi hayakuwa yale."

Tyson akamwendea Mitchel, akamshika goti. Akambeba bila kumwangalia.

"Ungeniambia mwezi wa saba ningeanza upya. Nilikuwa na wakati, dada. Sasa sina."

Ni afadhali angenitukana.

"Ulidhani nitakufanya nini?"

Nikajibu ukweli, na ukweli ulikuwa mdogo sana, wa aibu. Nilidhani atanichukulia ile daftari. Atampa mtu aliyemaliza shule.

Mitchel amelala mapema na Tyson. Ameacha bango limegeuzwa, limetazama ukuta.

Jumatatu, 10 Novemba

Mitchel hakurudi chuoni asubuhi. Baada ya chai alimuuliza Mama, kwa heshima kabisa, kwa nini siku ile alichagua ile mikebe mitatu kati ya tisa. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama aliweka kikombe chini. "Nilifungua yote. Ile ya kwanza ilikuwa imeshakuwa unga. Ile ya dawa ilinuka. Ya gunia yalikuwa na matundu. Mtu hapelekangi mahindi ya matundu kwa matanga. Hiyo mitatu tu ndiyo ilikuwa mizuri, kama imetoka shamba jana. Nikasuuza nikapeleka."

Mitchel alikuwa anaandika.

"Unaandika nini? Mnanipeleka kwa chifu?"

"Naandika vile umesema, Mama. Ni ushahidi."

Mama akaniangalia, akaelewa. Nikaona uso wake ukizeeka. "Na wewe ulikaa na hii miezi minne? Unaniambia asante Mama, asante Mama?" Akaingia jikoni. Mpaka sasa hajatoka, na moshi hakuna.

Mitchel amechukua rula, akapiga mstari wa wino mwekundu baada ya wiki ya sita. Anasema hizo sita ni safi, zinasimama. Lakini sita si kumi na mbili, na muhtasari ulishatumwa na mstari wote. Kuna mwanafunzi mwingine anayengoja nafasi. Daktari Moraa anaweza kumpa huyo, na atakuwa na haki.

Nilimwambia, sema ni mimi. Akasema, "Nitasema vile ilikuwa."

Amemwandikia ujumbe mrefu, akanisomea kabla ya kutuma. Hakuna mahali ameniita mwongo. Hakuna mahali amenificha. Nilishindwa kuinua macho.

Jibu limekuja haraka. Maneno machache: Nitapiga saa sita. Dada yako awe karibu, nitaanza na yeye.

Nimenawa mikono. Nimempa Tyson kipande cha mua akae kimya. Ile daftari ya kuhesabia iko hapa mbele yangu, imefunguliwa ukurasa wa Jumamosi ya saba, na karibu yake hii yangu.

Simu inalia. Mitchel ameiangalia, ameisukuma upande wangu wa meza.