Temirkul, Uliyekata Mkanda wa Tandiko Mbele ya Watu

Mwaka umetimia, Temirkul, tangu moyo wako usimame ghafla pale zizini, vipima mwendo vikiwa bado mkononi mwako.

Ulikuwa mpole kupita kiasi. Chai yako ilipoa kila siku kwa sababu ulikuwa umezama kwenye mistari ya kompyuta. Miaka kumi na tisa ulivibandika vile vidude kichwani na kiunoni mwa farasi wa mbio wa bonde letu la At-Bashy, ukipima kila hatua, ukitafuta maumivu ambayo jicho halijayaona. Watu walikutania kwamba unawapima farasi suti za harusi, nawe ukacheka nao.

Siku ya mbio za vuli hukucheka. Kaka yako Doolot, ambaye bonde zima linamjua kwa kuwanoa farasi, alikuwa amemwandaa farasi wake Chabdar kwa siku arobaini. Alilikwangua jasho la farasi kwa kidole, akalionja.

"Limekuwa maji matupu, halina chumvi tena. Yuko tayari."

"Kaka, mguu wa nyuma wa kulia hausukumi kama wa kushoto. Nimempima mara tatu. Nahofia mfupa umeanza kupasuka."

"Anachechemea?"

"Bado."

"Basi nyamaza, mdogo wangu. Baba alionja jasho, babu alionja jasho. Wewe unaonja nini, betri?"

Watu wakaangua kicheko. Juu ya tandiko alikuwa Aizirek, binti yake Doolot, miaka kumi na miwili, na mbele yake kilomita ishirini na mbili za mawe. Tulimtazama yeye, tukakutazama wewe. Maisha yako yote hukuwahi kumpinga kaka yako hadharani. Bendera ilipoinuliwa, ulichomoa kisu ukaukata mkanda wa tandiko, ukamdaka mtoto.

"Umenivua nguo mbele ya watu," Doolot alisema. "Usikanyage tena kwangu."

Majuma matano ulipita langoni kwake ukimpa salamu. Hakuitikia. Ulizikwa hujaitikiwa, na hilo lilituuma kuliko kifo chenyewe.

Siku ishirini baada ya mazishi yako, Chabdar alikuwa akikimbia malishoni, mgongoni hana mtu. Mguu ule ule ukavunjika. Doolot alikuja kaburini kwako kwa miguu, akakaa chini, akaitikia salamu zako moja moja mpaka sauti ikamkauka.

Jana tulikufanyia karamu ya mwaka, na mbio za heshima yako. Doolot alishasema hakuna farasi atakayekimbia kabla ya kupimwa kwa vifaa vyako. Binti yetu Kanyshai ndiye aliyepima. Farasi wa mwisho alikuwa wa Doolot mwenyewe, aliyemnoa tangu masika, na kila mtu alijua ndiye mshindi.

Kanyshai alitazama mistari, akamgeukia Doolot. "Baba mkubwa, mguu wa mbele wa kushoto."

Doolot alimkazia macho mwanao hadi nikasogea kumkinga. Alilionja jasho la farasi, akatema.

"Jasho linasema yuko tayari," alisema. "Nipeni kisu."

Akaukata mkanda kwa mkono wake.

Tunakukumbuka mimi mkeo Zuurakan, binti yako Kanyshai, Aizirek aliye hai, na kaka yako Doolot, aliyeomba jina lake liandikwe mwisho. Hutatutoka moyoni kamwe.