Filamu Tulizobishania Njiani

Mume wangu, Baba Neema,

Jumapili iliyopita nilikwenda sinema peke yangu, mara ya kwanza tangu tukuzike. Mwaka umekwisha. Nakuandikia kwa sababu sijapata mtu wa kumweleza nilichokiona, na kwako filamu ilikuwa haijaisha mpaka tuibishanie.

Tulianza tukiwa hatuna hata miaka miwili ya ndoa, bendera mpya bado ikiwashangaza watu. Jumamosi ulimaliza kuogesha ng'ombe kwenye josho, ukaoga mara mbili ili harufu ya dawa ikutoke, na Jumapili tukitoka kanisani ulinipakia nyuma ya baiskeli mpaka Singida mjini kuwahi maonyesho ya alasiri. Filamu nyingi zilikuwa za Kihindi. Hatukujua neno hata moja la Kihindi, lakini wewe ulilia na mimi nilikasirika, na kurudi tulibishana mpaka kwenye kile kilima chenye mawe makubwa, tulipolazimika kushuka na kusukuma.

"Yule mama mkwe nilimwonea huruma," ulisema siku moja.

"Huruma gani? Kamfukuza mke wa mwanawe kwenye mvua!"

"Hukumwona macho? Alikuwa anaumia."

"Alikuwa amepakwa wanja mwingi."

Ulicheka mpaka baiskeli ikakuponyoka. Wewe ulimsamehe kila mtu aliyetokea pale kwenye pazia. Mimi nilisema wazi kwamba wanaimba mno, wanachukua muda mrefu kufa, na hakuna hata mmoja anayekwenda kuchota maji. Hata gari la sinema lilipokuja kijijini na filamu ya kilimo, nilisema kwa sauti kwamba mkulima yule ana viatu visafi, hajawahi kupalilia. Mwenyekiti akageuka kunitazama. Ukanifinya mkono, huku wewe mwenyewe unacheka kimya kimya.

Neema alikuwa na miaka minne tulipohamia kijiji cha ujamaa. Hatukuwa tumemaliza hata kuezeka nyumba, surua ilipompata. Jioni ya siku ya nne ulisema tungoje kupambazuke ndipo tumpeleke zahanati, maana njia ilikuwa ndefu na upepo ulikuwa mkali. Mimi nikakubali. Asubuhi hakukuwa tena na mtoto wa kupeleka.

Miezi ilipita, ukanipeleka tena mjini. Najua ulitaka kunifariji. Hukujua, wala mimi sikujua, kwamba ndani ya filamu ile kuna mtoto anakufa. Mama yake alirarua nguo, akaanguka vizuri, akaimba. Ukumbi mzima ukalia. Nilingoja wewe ulie. Uliinuka ukatoka, nami nikakukuta nje umeshika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili.

"Twende nyumbani," ulisema.

Siku ile hatukubishana. Hatukurudi tena sinema, na jina la Neema halikutajwa nyumbani kwetu kwa miaka mitatu. Watu waliendelea kukuita Baba Neema, nawe uliitika ukitazama chini. Nilidhani unanilaumu.

Kisha nikaenda Ikungi kumwona dada yangu aliyejifungua. Vijana wanne walikuwa wamefika na filamu waliyoitengeneza wenyewe kwa kamera ya kuazima. Waliionyesha mchana, darasani, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi. Picha ilitikisika, na sauti ilichelewa nyuma ya midomo. Mama mmoja anarudi kutoka mazikoni. Anachukua sahani ya mtoto wake, anaiosha, anaifuta. Halafu hajui kama airudishe pamoja na nyingine. Anasimama nayo tu.

"Hii nayo ni sinema?" mzee mmoja nyuma yangu aliuliza, na watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika dawati kwa nguvu. Kati ya zote nilizotazama, ile ndiyo pekee ambayo sikuikosoa.

Nilirudi nikakukuta uani unapukuchua mahindi. Nilikusimulia yote kabla sijatua mzigo. Mikono yako ilisimama.

"Aliiweka wapi?" uliuliza.

"Hawakuonyesha."

Uliweka gunzi chini.

"Mimi ndiye niliyesema tungoje asubuhi."

"Na mimi nilikubali."

"Nilidhani hutanisamehe."

"Nami nilidhani hivyo hivyo juu yako."

Hapo ndipo ulipolia. Haikuwa kama kule ukumbini. Mabega yako tu yalitikisika, na punje zikamwagika chini, kuku wakazila, hatukuwafukuza. Ukaanza kusema: Neema alivyoogopa ndama, Neema alivyokuwa akikataa uji wa uwele mpaka umpulizie wewe. Tulimtaja mpaka jua likazama. Baadaye ulitia upepo matairi, tukarudi kwenye sinema zetu na ubishi wetu, mpaka kifua kilipokulaza.

Sasa hiyo ya Jumapili. Mzee anauza ng'ombe wake wote ili amtafute mwanawe aliyemkana. Ni ndefu mno, na yule mzee ana mashavu yaliyojaa wakati anapaswa kuwa na njaa. Mwishoni kijana anapiga magoti, na baba anamkumbatia papo hapo, hata hajamuuliza alikuwa wapi. Nikasema kwa sauti, "Hapana! Hajastahili!" Nikageukia kushoto kwangu.

Alikuwepo kijana mmoja mwenye kofia. "Shikamoo, mama," alisema kwa adabu. "Samahani, lakini tunatazama."

"Marahaba," nikajibu, nikanyamaza.

Nilitembea peke yangu kurudi, nikakueleza yote njiani, yangu na yako pia, maana nakujua. Ungesema baba yule alifanya vizuri. Ungesema kumwuliza ni kupoteza muda. Ungekuwa umekosea kabisa, mume wangu, na ningetoa chochote nikusikie ukikosea.

Lala salama. Nibusie mtoto.

Mkeo,
Mama Neema