Nzige Wanaojua Majina Yetu

Jumapili, 8 Oktoba 2017. Bwera

Zamu tisa leo, baada ya Kasereka kutoka misani. Kila zamu ni mwaka mmoja. Tumefika mwaka wa 341. Chuma kinatosha, chakula kinatosha, hakuna uasi popote. Utulivu huu siuamini. Mimi najua waasi wanavyonyamaza kabla ya kuamka.

Nauandika ufalme wangu ulivyo leo, maana huenda usiwe hivi tena. Sayari sita kwenye ramani ya nyota, ndani ya kompyuta ya Kasereka, fundi wa simu kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, mwenye kibanda hapa Bwera. Nilizipa majina kwa desturi yetu Wakonzo, tunavyowaita wana wa kiume kwa kufuatana kwao kuzaliwa: Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo, Mbusa. La nne, Kule, ni jina langu mimi; Kasereka huniita Kakule. La tatu ni jina la Kasereka kwa matamshi ya upande wetu. Wanande wa kwao na sisi tuna desturi moja. Mpaka ndio uliotupita katikati.

Mwaka wa 350 adui ataingia kutoka nje ya ramani. Mchezo wenyewe unatangaza hivyo. Kasereka anawaita Nzige. Hawana mji, hawana balozi, hawana bei. Mwenye sayari moja hai ufikapo mwaka wa 400 ameokoka. Hatumjui hata mtu mmoja aliyeokoka.

Jioni ugomvi na Masika, dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Ameiweka tena mezani barua ya chuo. Nimesimamishwa tangu Agosti kwa kuongoza mgomo wa maji hosteli. Ni barua ya kuomba radhi waliyoiandika wao wenyewe; ikifika na sahihi yangu kabla ya Jumatano ya tarehe 18, narudi kumaliza mwaka wa tatu. Isipofika, nimefukuzwa. Nilimwambia shujaa hatii sahihi hati ya kushindwa kwake. Akasema sijawahi kurudi nyuma hatua moja, hata katika mchezo, na ndiyo sababu ufalme wangu wa kompyuta nao utaanguka.

Tumewekeana ahadi. Ufalme ukianguka, natia sahihi. Ukiokoka, hataitaja barua hiyo tena maishani. Tumepeana mikono mbele ya sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nina hakika nitashinda. Nina hofu pia.

Jumatatu, 9 Oktoba. Kasese

Sikukuu ya Uhuru. Bendera, gwaride, hotuba ndefu zisizo na sentensi moja ya kukumbukwa. Nikapita.

Nilikwenda kwenye duka la intaneti kuwahoji wachezaji. Saba. Wote walianguka mbele ya Nzige. Jamaa mmoja mwenye miwani aliniuliza kama hata huko juu nitaitisha mgomo. Walicheka sana. Nami nilicheka, lakini kidogo.

Jambo hili limenishangaza: kila mmoja alinisimulia alivyopigana. Meli ngapi, mizinga gani, siku gani alikata tamaa. Hakuna hata mmoja aliyeweza kunieleza adui alivyotembea. Alitoka wapi? Akapita wapi? Akaacha nini? Watu saba wameliwa na mnyama mmoja na hakuna aliyemtazama.

Nimenunua daftari. Nikirudi, teksi iliposimama Kikorongo, abiria wakishuka kununua nyanya, nilichora safu: mwaka, mahali, meli zao, meli zangu, kilichotokea. Huu ndio uasi wangu wa safari hii. Nitatazama.

Jumanne, 10 Oktoba

Siku ya soko Mpondwe. Kasereka alikuwa na wateja hadi saa saba. Tukaanza.

Wameingia. Meli mia tatu kwa ukingo wa mashariki. Ramani nzima ikawa kimya. Hata muziki wa mchezo ulikatika. Walikuwa wazuri kuwatazama. Naandika hili kwa aibu.

Nilikuwa na meli arobaini na tatu. Nilizikusanya zote Baluku. Ndiyo sayari ya kwanza, ndiyo niliyoanza nayo peke yake, bila ngome, bila jina. Mzaliwa wa kwanza haachwi. Nyumba huanza naye. Nilitoa hotuba kibandani, kwa sauti, na mama aliyeleta simu ya kitochi alisimama kunisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama betri yake imepatikana.

Baluku imeanguka kwa zamu mbili. Meli ishirini zimeungua. Watu milioni tisa wa kuhesabiwa tu, lakini niliwalilia kweli. Kasereka aliniangalia, akasema kwa Kiswahili cha kwao:

"Kakule, ile haiko mutoto. Iko jiwe. Weye unaliliaka jiwe?"

Nikamjibu kwamba jiwe lenye jina si jiwe. Meli zilizobaki nimezipeleka Bwambale, wa pili. Sasa yeye ndiye mkubwa wa nyumba.

Jumatano, 11 Oktoba

Bwambale nayo imeanguka. Meli kumi na mbili zaidi. Nimebaki na kumi na moja.

Lakini nataka kuandika jambo jingine, la ajabu. Baluku iko mashariki kabisa. Bwambale iko magharibi kabisa. Kutoka moja hadi nyingine Nzige walisafiri miaka minane, wakapita pembeni mwa Thembo, tajiri kuliko zote, wakaiacha. Wakapita juu ya Kule, sayari yenye jina langu, niliyoijengea ngome ya mizinga mia mbili kwa ajili ya fahari tu. Hawakuigusa. Hawakupunguza hata mwendo. Nimejisikia kudharauliwa.

Wa kwanza, kisha wa pili. Wanajuaje nani mkubwa? Mtu aliyetengeneza mchezo huu hajawahi kufika Bwera. Hajui kwamba Baluku hutangulia Bwambale. Hata wenzangu chuoni hawajui. Nilimwonyesha Kasereka daftari. Alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka.

"Hii vitu inajua majina yetu," alisema. "Sasa iko zamu yangu."

Kwa sababu wa tatu ni Masereka, na Masereka ni yeye. Bila kuniuliza alifungua ukurasa wa sayari hiyo, akafuta jina, akaandika Jiwe. Akaniomba nisicheke. Nimecheka hadi machozi. Meli zangu kumi na moja nimezipeleka huko huko kumlinda, jina au bila jina.

Wakati nikifunga daftari Nzige walikuwa wamegeuka. Wanaelekea Jiwe. Sikucheka tena.

Alhamisi, 12 Oktoba

Umeme hakuna tangu asubuhi. Siku nzima na daftari, barazani. Masika alipita mara tatu. Alitembea kama mtu ambaye tayari amenipigia pasi shati la kurudia chuo.

Nimefuta sababu moja baada ya nyingine. Jina? Hapana, tumelifuta na bado wanakuja. Utajiri? Thembo ingekwenda kwanza. Ukaribu? Baada ya Baluku wasingeziruka Thembo na Kule. Idadi ya watu? Mbusa, kitinda mimba, ina watu wengi kuliko Bwambale.

Ikabaki safu moja, ile ya meli zangu. Nikasoma kutoka juu kwenda chini. Baluku, arobaini na tatu. Nzige Baluku. Bwambale, ishirini na tatu. Nzige Bwambale. Jiwe, kumi na moja. Nzige njiani.

Hawajui majina yetu. Wanakwenda palipokusanyika silaha nyingi kuliko pengine, na katika mchezo huu meli moja ina nguvu ya mizinga hamsini, ndiyo maana ngome ya Kule waliipita. Aliyekusanya silaha kwa mkubwa, kisha kwa anayemfuata, kisha kwa anayemfuata, ni mimi. Mimi ndiye niliyewafundisha mpangilio wa nyumba yetu. Niliwaonyesha kila mtoto kwa kidole.

Nimekaa na fikra hiyo muda mrefu. Imenikumbusha geti la chuo. Wanafunzi walikuwa wametawanyika katika hosteli kumi, kila hosteli na malalamiko yake, na hakuna askari aliyejua aanzie wapi. Nikawaita wote getini. Nilitaka tuonekane. Tulionekana. Lori la askari halikuhitaji kuuliza njia. Sisemi mgomo ulikuwa kosa. Maji hayakuwepo, na maji ni haki. Nauliza tu: kwa nini getini? Sikuwahi kujiuliza. Nani angeniuliza, wakati wote wananipigia makofi?

Ijumaa, 13 Oktoba

Umeme umerudi. Soko la Mpondwe tena, Kasereka akitengeneza spika ya mteja huku shingo imegeukia kioo cha kompyuta.

Majaribio. Kwanza, nimeondoa meli zote Jiwe, zisubiri jirani angani. Kasereka alishika kichwa. Alisema ninamvua nguo mbele ya simba. Meli moja nimeituma ukingo wa kaskazini, patupu. Nzige hawakugeuka. Meli nne. Hawakugeuka. Meli zote kumi na moja pamoja, katikati ya giza lisilo na sayari, bila kitu cha kulinda.

Wamegeuka. Mia tatu, kwa pamoja, kama kundi la ndege. Wamepita hatua mbili tu kutoka Jiwe na kuiacha na watu wake wote.

Nilipiga kelele hadi fundi viatu wa jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Mwaka wa 372 hadi wa 391 leo. Meli kumi na moja zinakimbia, Nzige wanafuata, wanazungushana ukingoni mwa ramani. Moja moja zinakamatwa. Zimebaki tatu, na zote tatu bado zinavuta. Ngome ya Kule nimeipunguza mizinga iwe chini ya nguvu ya meli hizo tatu, isije ikawavuta Nzige. Nilipunguza kwa uchungu. Nimehesabu mafuta. Yanatosha miaka saba. Inahitajika tisa. Haziwezi kurudi kujaza, maana popote zitakapotua zitatua na Nzige nyuma yao.

Miaka miwili. Sijui nitaitoa wapi.

Jumamosi, 14 Oktoba

Masika alikuja mwenyewe kibandani, na kiti chake. Alisema amekuja kushuhudia mazishi. Kasereka alimkaribisha kwa soda na kumwita Mwalimu kila sentensi.

Mwaka wa 398 mafuta yaliisha. Nzige walizifikia zile tatu za mwisho. Ilikuwa haraka. Kisha wakasimama katikati ya ramani, mia tatu, wakitafuta. Mpango wangu ulikuwa kuijaza ngome ya Kule mizinga yote iliyobaki na kushikilia miaka miwili. Ngome yenye jina langu, mpaka mwisho. Nilikuwa na hotuba tayari.

Masika alitazama kioo muda mrefu. Hajui mchezo huu. Akaniuliza kwa Lukonzo, lugha yetu, kwa upole, kama anavyowauliza wanafunzi wake:

"Ngome hiyo inamlinda nani?"

Nilianza kumjibu. Utu, heshima, historia. Alisubiri. Nikaitazama tena ramani. Ngome ile haikuwahi kumlinda mtu. Nzige walipita juu yake wasiione kuwa kitu, na sasa ndiyo silaha pekee iliyobaki ulimwenguni. Wangekuja kwayo.

Kasereka akamgeukia. "Mwalimu, weye iko upande gani?"

Masika akasema ameuliza swali tu.

Nimebomoa. Mizinga yote, mmoja mmoja, kwa kuwa mchezo unataka kila mmoja ubomolewe peke yake. Kidole kiliniuma. Sayari nne zimebaki wazi, bila hata bunduki. Sijawahi kufanya jambo la kutisha hivyo. Getini sikuogopa hivi.

Mwaka wa 399. Nzige wamesimama. Kisha hatua moja, kuelekea Mbusa, mdogo wa wote. Hatua moja. Nilitaka kujenga meli, yoyote, ya kumwita adui kwangu. Mkono ulikuwa juu ya kitufe. Sikujua kama ile hatua ilikuwa kuona au kubahatisha. Hakuna njia ya kujua isipokuwa kusubiri.

Nikasubiri. Nikabonyeza zamu.

Mwaka wa 400. Jiwe, Kule, Thembo, Mbusa. Wako hai. Nzige wamesimama pale pale, karibu na Mbusa. Mchezo haukuwaondoa. Umeandika tu kwamba tumeokoka na kuuliza kama tunataka kuendelea.

Kasereka amerudisha jina la Masereka kabla ya jambo jingine lolote. Masika alinyanyua kiti chake, akanipa mkono, akasema ahadi ni ahadi. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika.

Jumapili, 15 Oktoba

Masika hajaitaja barua. Asubuhi wala mchana. Alizungumzia mihogo, na kuta za darasa lake zinazovuja. Barua imelala pale ilipokuwa. Hakuna anayenisukuma. Nimegundua kwamba miezi miwili nilikuwa nikiisukuma mbali tu.

Nimeifungua. Sikuwahi kuisoma. Nilisoma kichwa chake siku ilipofika, nikatoa hotuba. Nzige niliwaandikia daftari zima.

Ina mistari minne. Wa kwanza: kwamba nilikusanya wanafunzi bila kibali. Kweli. Wa pili: kwamba geti lilivunjwa siku hiyo. Kweli, na mlinzi mmoja aliumia mguu; sikuwahi kwenda kumwona. Wa tatu: kwamba malalamiko kuhusu maji yalikuwa ya uongo. Wa nne: kwamba malalamiko mengine nitayaleta kwa maandishi.

Nimekata mstari wa tatu kwa rula. Juu yake nimeandika siku ambazo mabomba yalikuwa makavu, ninazozikumbuka, hosteli kwa hosteli. Chini nimetia sahihi. Huenda watairudisha. Huenda hawataisoma, kama mimi.

Masika alikuwa akichambua maharage. Yeye amefungwa na ahadi, kwa hiyo ilinibidi niseme mimi. Nilimwambia kesho nakwenda Kasese, nipande basi la kwenda chuoni.

Hakuinua macho. Aliniuliza kama nina soksi safi.